Dau la Mnyonge Likienda Joshi

Wazee wetu wa mwambao walituachia msemo kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi, basi Mungu hupenda. Kwa vijana wa leo, waliozaliwa na kukuta mashua zanguruma kwa injini, huenda neno joshi limewapita kando. Kwenda joshi ni chombo kukata maji kuelekea kule upepo utokako, na hilo ni jambo litakalo chombo kizima, tanga zima na mikono mizima. Mnyonge, ambaye dau lake ni la viraka na tanga lake ni la matobo, hatarajiwi kuyaweza hayo. Lakini wazee hawakuishia hapo. Waliongeza kile kipande cha pili, nacho ndicho tunachokisahau kila mara.

Makala haya ni juu ya madau mawili ya wanyonge. Moja lilielea Uingereza mwaka 2012, na la pili lilielea Japani mwaka 2021. Yote mawili yaliingia katika mashindano makubwa ya dunia ya kuvuta makasia, na mojawapo lilivutwa na binti wa hapa hapa Mombasa. Nitayasimulia, msomaji mpenzi, na nikimaliza nitakuwa na deni langu mwenyewe la kulipa.

BARAZANI BAADA YA TAREHEWE

Michezo ya Olimpiki ya London iliangukia mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1433. Nakumbuka usiku mmoja tumetoka msikitini baada ya tarawehe, tumekaa barazani Mji wa Kale, muuza kahawa akipita na dele lake na vikombe vikilia mkononi. Televisheni ilikuwa imetolewa dirishani, nayo ilikuwa ikionyesha marudio ya mashindano ya mchana. Mara yakaja makasia.

Tuliona vyombo vyembamba kama sindano, kila kimoja na mtu mmoja ndani yake, vikiteleza juu ya ziwa lililotulia kama mafuta. Vinne vikapita. Cha tano kikapita. Kisha kamera ikarudi nyuma, nyuma sana, hata tukadhani imeharibika, na pale akaonekana mtu mweusi peke yake akivuta, akipumzika kidogo, akivuta tena. Wenzake walikuwa wamekwisha kufika na kuinamia makasia yao. Yeye alikuwa bado yuko njiani.

Barazani tuliangua kicheko. Mmoja akasema huyo labda anavua. Mwingine akasema atafutiwe tishari la kumkokota. Na mimi, nisijifiche, nilicheka pamoja nao.

Palikuwa na mzee mmoja upande wa ukutani, baharia wa zamani wa majahazi, ambaye magoti yalikuwa yamemwangusha lakini macho bado yalikuwa makali. Akauliza, "Mwacheka nini, wanangu?"

"Twamcheka huyu, ami. Ni wa mwisho."

"Yeye yuko majini," akasema. "Nyinyi muko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea, "Mita elfu mbili ni kukivuka kivuko cha Likoni karibu mara nne. Nani hapa awezaye kushika kasia akavuka mara moja tu, akarudi?" Tukatazamana. Sote sisi ni wana wa pwani, tuliozaliwa tukisikia maji, na hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kuinua mkono. Mzee akasukuma kikombe chake na kusema, "Baharini anayechelewa hachekwi. Hungojwa."

MTU WA NIGER

Yule mvuta kasia jina lake ni Hamadou Djibo Issaka, na nchi yake ni Niger. Tazama ramani, utaiona Niger imekaa katikati ya bara, haina hata shubiri moja ya bahari, na sehemu kubwa yake ni jangwa la Sahara. Ni nchi ya Waislamu wenzetu, na maji yake makubwa ni ule mto ulioipa jina. Issaka alikuwa na umri wa miaka 35, na kazi yake ilikuwa ya bustani. Alikuwa ameanza kujifunza kuvuta makasia kiasi cha miezi mitatu tu kabla ya kuingia katika ziwa la Dorney, karibu na London, kushindana na watu walioanza mchezo huo shuleni.

Aliingia kwa mwaliko. Olimpiki huweka nafasi chache kwa nchi ambazo hazina wachezaji wengi, ili bendera zao nazo zionekane. Tarehe 28 Julai 2012 alimaliza mbio yake ya kwanza kwa dakika 8 na sekunde 25. Kwa kulinganisha, Mahé Drysdale wa New Zealand, aliyenyakua nishani ya dhahabu katika mbio hizo za mtu mmoja, alishinda fainali kwa dakika 6 na sekunde 57. Issaka alikuwa wa mwisho siku ile, na alipomaliza mashindano yote alikuwa wa mwisho kati ya watu 33.

Magazeti ya Ulaya yalimbandika jina la kumcheka, la mnyama aendaye polepole kupita wote. Lakini watu waliokuwa kando ya ziwa hawakucheka. Maelfu walisimama, wakampigia makofi na kelele tangu alipoonekana kwa mbali mpaka alipovuka mstari wa mwisho, kana kwamba ndiye aliyeshinda.

Si wote waliopendezwa. Steve Redgrave wa Uingereza alilalamika hadharani kwamba wapo wavutaji walio bora zaidi wa nchi nyingine waliokosa nafasi. Redgrave si mtu wa kupuuzwa katika jambo hili. Alishinda dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo, tangu mwaka 1984 hadi 2000, na ile ya mwisho aliipata akiwa amekwisha kugundulika kuwa na ugonjwa wa sukari. Anajua uchungu wa kasia na anajua uchungu wa mwili. Na kwa upande wa mwendo peke yake, alisema kweli: wapo waliokuwa na kasi kumpita Issaka na wakabaki makwao.

Swali ni je, mashindano ya dunia nzima ni ya kasi peke yake? Kama ni hivyo, basi nchi zisizokuwa na maziwa ya kuchimbwa wala vyombo vya maelfu ya dola hazitaingia kamwe, na neno dunia liondolewe katika jina la michezo hiyo.

ZIWA LILE LILE, SIKU TANO BAADAYE

Wako watakaosema, basi hiyo ndiyo hali ya Mwafrika majini. Hao nawaomba wasubiri siku tano tu. Tarehe 2 Agosti 2012, katika ziwa lile lile la Dorney, chombo cha watu wanne cha Afrika Kusini kiliingia fainali ya wavutaji wa uzito mwepesi. Ndani yake walikuwamo James Thompson, Matthew Brittain, John Smith na Sizwe Ndlovu. Walikuja kutoka nyuma katika mita za mwisho, wakawapita Wadenmaki, wakawapita Waingereza wenyewe mbele ya watu wao, na wakashinda kwa robo ya sekunde. Robo ya sekunde, bwana, hata kupepesa jicho hukumalizi. Sizwe Ndlovu, mtu mweusi, akavishwa dhahabu ya Olimpiki ya kuvuta makasia.

Ndlovu na Issaka walitofautiana nini? Si rangi, wala si bara. Ndlovu alikutana na kasia akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari mjini Johannesburg, akapewa mwalimu, chombo, ziwa, na miaka ya kujifunza. Issaka alipewa miezi mitatu. Mpe kijana miaka, atakupa dhahabu. Mpe miezi mitatu, atakupa alichonacho, nacho si haki kukicheka.

KASIA NA KAFI

Hapa yafaa tusimame kidogo tuueleze mchezo wenyewe, maana wengi huuchanganya na ule wa kafi. Kafi ni fupi, halifungwi mahali, na mwenye kafi hutazama mbele aendako, kama afanyavyo mvuvi ndani ya mtumbwi. Kasia ni refu, limekaa kwenye kishwara ubavuni mwa chombo, na mwenye kasia huipa omo kisogo na kuikabili tezi. Kwa hivyo mvuta kasia huenda nyuma nyuma. Haoni aendako, huona atokako.

Jambo hilo lina maana kubwa katika mashindano. Aliye wa kwanza huwaona washindani wake wote wakihangaika mbele ya macho yake. Aliye wa mwisho haoni mtu yeyote. Huona maji matupu na mapovu ya kasia lake mwenyewe, na husikia tu kelele za wenzake nyuma ya mgongo wake zikizidi kufifia. Issaka alivuta mita 2,000 katika hali hiyo. Mwenye kuijua upweke wa bahari ataelewa nisemalo.

Vyombo ni vya namna mbili. Kuna vile ambavyo kila mtu ana makasia mawili, moja kila mkono, na kuna vile ambavyo kila mtu hushika kasia moja refu kwa mikono yote miwili. Chombo kikubwa kupita vyote kina wavutaji wanane, na tezini hukaa mtu mwembamba anayeshika usukani na kuwatolea amri, kama sarahangi. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900, Waholanzi wawili walimwona mshika usukani wao ni mzito mno, wakamwacha nchi kavu, wakamchukua mtoto mdogo waliyemkuta pale pale Paris. Wakashinda. Jina la mtoto yule halikuandikwa katika kumbukumbu za mashindano, ingawa dhahabu ile isingepatikana bila yeye.

Njia huwa sita, kila moja na upana wa mita 13.5, zimetengwa kwa mistari ya maboya. Chombo cha mtu mmoja kina urefu wa zaidi ya mita 8, na uzito wake waweza kuwa kilo 14 tu, yaani mtoto wa shule aweza kukiinua. Kiti chake kina magurudumu na hutembea mbele na nyuma, ili mvutaji asukume kwa miguu. Na hapa ndipo penye siri ambayo macho hayaioni: nguvu nyingi za mvuta kasia zatoka miguuni. Mikono humalizia kazi ambayo mapaja yameianza.

Shika neno hilo, msomaji, kisha tusafiri mpaka Tokyo.

BINTI WA MOMBASA

Asiya Mohamed Sururu ni mtu wa Mombasa. Alipokuwa na umri wa miaka miwili alipatwa na ajali ya gari la moshi, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mkono. Wahenga walisema kabla hujafa hujaumbika, na yeye aliumbika upya kabla hajajua kusema sawasawa. Alikua, akasoma, akawa mwalimu. Akaingia katika mchezo wa tenisi ya viti vya magurudumu. Kisha akalishika kasia, na kasia likamfikisha Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushindana huko katika kuvuta makasia.

Nimesema nguvu nyingi za mchezo huu zatoka miguuni. Basi fikiria mtu asiye na miguu. Katika daraja lake, kiti hakitembei. Mvutaji hufungwa kwa mkanda chini ya kifua, na kazi yote hubaki kwa mabega na mikono. Chombo chake ni kizito zaidi, si chini ya kilo 24, na kila ubavu kina kielezo kidogo cha kukizuia kisipinduke. Mvuvi yeyote wa Vanga au wa Wasini akikiona chombo hicho atakwambia mara moja kwamba hiyo ni ngalawa na hayo ni matengo. Wataalamu wa Ulaya walipotaka chombo kisichopinduka, walifika mahali ambapo babu zetu walikuwa wamekwisha kufika.

Mashindano ya Tokyo, yaliyokuwa yafanywe mwaka 2020, yaliahirishwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na yakaja kufanywa mwaka 2021 pasipo watazamaji. Mbio za makasia za Paralimpiki zilianza tarehe 27 Agosti, siku ya Ijumaa. Ilipokuwa asubuhi kwao, huku kwetu alfajiri ilikuwa bado, na Mombasa ilikuwa imelala. Mahali penyewe ni mfereji wa maji ya chumvi kati ya visiwa viwili vilivyojengwa kwa kujaza udongo katika Ghuba ya Tokyo. Maji hayo ni bahari hasa. Kabla ya michezo kuanza, chaza waling'ang'ania vyombo vilivyowekwa kuzuia mawimbi hata vikaanza kuzama, na Wajapani wakalazimika kuondoa chaza tani 14. Wajameni, sisi tungewakaanga.

Issaka alikuwa na maelfu wa kumpigia makofi. Asiya hakuwa na mtu. Majukwaa yalikuwa matupu, na kelele pekee ilikuwa ya maji na pumzi yake. Nishani hakuleta. Dhahabu ya daraja lake ilichukuliwa na Birgit Skarstein wa Norway, mwanamke mwingine wa kiti cha magurudumu, bingwa wa miaka mingi ambaye pia hushindana katika michezo ya thelujini. Lakini Asiya aliivuta njia yote mpaka mwisho. Na mwaka 2024 akaonekana tena katika Paralimpiki ya Paris, ili watu wajue kwamba ile ya Tokyo haikuwa bahati ya siku moja.

NUSU YA NJIA

Kuna hesabu moja ambayo ningependa tuitie akilini. Mbio za makasia za wanaume katika Olimpiki zimezoeleka kuwa mita 2,000. Wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza, huko Montreal mwaka 1976, walipewa mita 1,000, kana kwamba nusu ndiyo inayowatosha. Hawakufikishwa kwenye mita 2,000 mpaka Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988. Walemavu nao walipoingizwa katika Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008, walipewa mita 1,000 zile zile. Ilikuwa ni mwaka 2017 ndipo ikaamuliwa na wao wavute mita 2,000, na Tokyo ilikuwa Paralimpiki ya kwanza ya njia nzima.

Kwa hivyo Asiya, asiye na miguu, katika chombo kilicho kizito zaidi, alivuta masafa yale yale aliyovuta Drysdale na Issaka. Hakupunguziwa hata mita moja. Na wenye kuujua mchezo huo wanasema walemavu wenyewe ndio waliofurahi kuongezewa njia.

Mimi naona kuna somo hapo. Kumhurumia mtu ni jambo jema, na dini yetu imetufundisha huruma. Lakini iko huruma ambayo humkata mtu nusu ya njia yake, ikamwambia, wewe ishia hapa, hapa panakutosha. Huruma hiyo yafanana sana na dharau, ila imevaa kanzu safi.

Sote tuliosoma chuoni tunaijua Sura ya Abasa. Tunajua iliteremshwa kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyemjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufunzwa wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi. Tunajua Mola alisema nini juu ya mtu yule kugeuziwa uso. Na tunajua kwamba baadaye kipofu huyo aliadhini pamoja na Bilali, na Mtume aliposafiri aliachiwa Madina aisimamie. Hakupewa nusu ya njia. Sura hiyo tumeihifadhi tukiwa watoto, na twaisoma mpaka leo. Kisha twarudi majumbani na kumfungia chumba cha ndani mtoto aliyezaliwa na kasoro, asionwe na wageni.

Wallahi simsemi mtu. Nani asiyejua nyumba mbili au tatu za namna hiyo katika mtaa wake? Na hata asipofungiwa ndani, akitoka atakwenda wapi? Vyuo vyetu viko ghorofani. Gati zetu ni za ngazi. Mashua zetu huparamiwa kwa kurukwa. Tumeujenga mji kwa watu wenye miguu miwili, kisha twauliza mbona wale wengine hawaonekani.

MAKASIA YANARUDI BAHARINI

Nasema haya kwa sababu wakati unatujia, tukiutaka. Mashindano ya makasia ya Olimpiki kwa miaka mingi yalikuwa ya maziwa na mito iliyotulia. Ile ya kwanza kabisa, iliyopangwa kufanyiwa baharini Athens mwaka 1896, haikufanyika kwa sababu ya tufani. Sasa bahari inarejeshwa. Katika Olimpiki ya Los Angeles iliyopangiwa mwaka 2028 imeongezwa mbio ya pwani. Mvutaji huanza mchangani kwa miguu, hukimbia, hurukia chombo, huvuta mita 250 akizunguka maboya katika mawimbi, hugeuza, hurudi moja kwa moja mpaka ufukoni, kisha huruka na kukimbia tena mpaka mwisho. Na kabla ya hapo mchezo huo huo umewekwa katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar iliyopangiwa mwaka 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupewa nchi ya Afrika, nayo ni Senegal, nchi ya Waislamu na ya wavuvi kama sisi.

Mchanga, mawimbi, kurukia mashua: je, ni nini hapo kigeni kwa mtoto wa Lamu, wa Faza, wa Kipini au wa Gazi? Chombo cha mbio hizo ni kipana na kizito kuliko zile sindano za ziwani, na hakihitaji mfereji wa kuchimbwa. Kinahitaji pwani. Tunayo. Kinahitaji watu wanaoijua bahari. Tulikuwa nao, na wachache bado wako hai, wamekaa barazani na magoti yao mabovu, hawajaulizwa kitu na mtu. Tunashindana kwa majahazi na madau ya tanga wakati wa sherehe, na hilo ni zuri. Lakini kasia tumeliacha life mikononi mwetu.

Rai yangu ni ndogo. Shule za mwambao zenye maji mbele yake ziwafunze watoto kuogelea kwanza, kisha kasia. Wafunzwe wavulana, na wasichana wapate wakati wao na mahali pao pa stara. Na wafunzwe pamoja nao wale wasiokuwa na mguu, maana tumekwisha kuona kwamba kwa matengo mawili na mkanda mmoja inawezekana.

DENI LANGU

Nilisema nina deni. Tulipokuwa wadogo tulikuwa watoto sita wa chuo kimoja. Kila Alhamisi jioni, mwalimu akitupa ruhusa, tulikimbilia pwani, tukaazima dau la mvuvi mmoja na kulivuta mpaka maji makuu. Watano tulipanda. Wa sita, ambaye mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, alibaki mchangani kulinda kanzu zetu na juzuu zetu. Hakuna aliyemwambia abaki. Ilikuwa ni jambo linalojulikana tu. Mikono yake ilikuwa na nguvu kutupita sote kwa ajili ya gongo alilotembelea, lakini katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, njoo uvute.

Sasa ni fundi wa kushona, na mimi hupita dukani kwake mara kwa mara kwa salamu za juu juu. Nilipokuwa nikiandika makala haya nilikwenda nikaketi. Nikamsimulia habari za Asiya, na zile ngalawa za Tokyo, na ule mkanda wa kifuani. Alisikiliza huku mguu wake mzima ukikanyaga cherehani. Nikamwuliza kama anakumbuka zile Alhamisi, na nikamwomba radhi.

Akakata uzi kwa meno, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nikiwahesabu. Mkienda watano, nahesabu mpaka warudi watano. Nyinyi mlidhani nalinda kanzu."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwachia beti hizi mbili, nami nakuachia wewe msomaji:

Msimcheke majini, aliyebaki wa nyuma,
Nanyi muko barazani, huku ndimi zinavuma,
Kasia li mikononi, tegemeo ni Karima,
Dau la mnyonge pwani, Mola hulitia hima.

Mtoto yuko nyumbani, mlango mmeufunga,
Mtoeni uwanjani, naye apigwe na anga,
Mpeni naye sukani, atweke na lake tanga,
Dau la mnyonge pwani, Mola ndiye yake nanga.